Mkwe Hatazami

Mama mkwe wangu hajawahi kuniita jina. Akitaka kunipa uji, anawaambia kuku. "Nyinyi kuku, mwambieni huyo mgeni uji wake unapoa." Kuku hawasemi kitu, mimi nasikia, nakunywa. Ndivyo tunavyoheshimiana kwetu, na sina ugomvi na jambo hilo. Mkwe hakai benchi moja na mkwewe, hampi mkono, na chumba anacholala mama huyo hata mlango wake hautazamwi. Nikifika kwake Sabaki naegesha pikipiki mbali, nakohoa, kisha nakaa kwenye kigoda changu kando ya jiko, uso nimeuelekeza shambani. Kigoda chenyewe kimewekwa pale kwa ajili yangu, na hakuna anayekisogeza.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila ya haya mtu hatanielewa. Hataelewa kwa nini Alhamisi ile nilisimama nje ya mlango, simu sikioni, mke wangu ndani anakata roho, na miguu yangu ikakataa kwenda.

Mke wangu anaitwa Kache. Alijifungua mtoto wa kike Malindi, kwa upasuaji, na kwa kuwa ni uzazi wa kwanza akapelekwa kwa mamake alelewe. Nani angekataa? Mama Mbeyu anajulikana kuanzia Sabaki hadi Mambrui kwa mikono yake. Wazazi wote, wanawake waliotoka kujifungua, wanamtaka yeye. Anawakanda kwa mafuta ya nazi, anawaogesha maji ya moto, anawafunga tumbo kwa kitambaa, anawanywesha uji wa pilipili manga mpaka jasho linawatoka. Mzazi wa Mama Mbeyu hachoti maji, hafagii, haendi popote. Kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Basi Kache akalala.

Nilipokwenda kumtazama, aliletwa barazani na mtoto wake. Safari za mwanzo alitoka mwenyewe. Halafu akaanza kuchechemea. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mguu wa kushoto unaniuma. Mama anasema wazazi huvimba." Nikautazama. Ulikuwa mkubwa kuliko mwenzake, na ngozi yake ilikuwa inang'aa. Kama ingevimba yote miwili nisingewaza sana, lakini huu mmoja tu? Nikauliza kwa sauti, ili wa ndani wasikie. Nikasikia jibu likitolewa kwa kuku: mwambieni huyo mgeni mambo ya uzazi yana wenyewe, yeye alete samaki. Nikaenda kuleta samaki, lakini moyo haukutulia tena tangu siku hiyo.

Sasa yuko Sidi, mdogo wake Kache, yuko kidato cha tatu. Mwaka jana wahandisi walifika shuleni kwao wakiwa na gari jeupe. Walikuwa wanatafuta wasichana wa jamii ndogo na wa sehemu zilizosahauliwa, ambako ukoo mzima haujatoa mhandisi hata wa kusingizia. Kwetu hawakupata shida. Tulishangaa tu kuambiwa tumesahauliwa, maana sisi tulikuwapo hapa hapa siku zote. Wakamchukua Sidi, wakachukua na msichana mmoja wa Kiwaata kutoka Adu, na wengine wengi. Kila likizo wanakusanywa Kilifi, wanafundishwa kuchora, kupima na kuunga nyaya. Kisha kila mmoja akaambiwa atafute tatizo la watu wake, alitengenezee chombo.

Siku waliyotembezwa hospitali, Sidi alisikia kwamba mtu aliyepasuliwa akilala sana, damu husimama miguuni, na ikisimama huganda. Akasikia pia kuna mashine ya kubana miguu ili damu isukumwe, lakini ni ghali na hospitali nyingi hazina. Akarudi nyumbani akakaa anaitazama mikono ya mamake. Aliona inavyoanzia kwenye kifundo, inapanda kwenye shavu la mguu, inafika chini ya goti, inarudi. Akasema, hii ndiyo mashine.

Akaitengeneza kweli. Alitafuta mikanda ya zamani ya kupimia presha, akampelekea fundi cherehani aishone pamoja iwe soksi ndefu. Mimi ni fundi wa pikipiki, nikampa betri na pampu ndogo ya upepo. Yeye akaunganisha mambo yake ya nyaya ambayo hata nikielezwa siyaelewi. Ukiwasha, mkanda wa chini unajaa upepo, halafu wa kati, halafu wa juu, kisha yote inashusha pumzi kwa pamoja. Ubavuni mwa kisanduku aliandika kwa rangi nyekundu: Mkono wa Mama. Nilijivuna kuliko yeye. Nilimwambia kila aliyeleta pikipiki kutengenezwa, hata asiyeuliza.

Jumatano jioni Sidi alikuja nyumbani na mashine hiyo. Kesho yake kulikuwa na maonyesho Kilifi, wahandisi na madaktari wangekuja kupima kazi zao. Alitaka kuijaribu kwenye mguu wa mtu wa kweli. Na mle ndani mlikuwa na mguu uliovimba. Kwa akili ya kawaida, ungemvalisha nani mashine ya mguu kama si mwenye mguu mbovu? Alikuwa amefundishwa kwamba damu ikisukumwa haigandi. Kwamba ikishaganda haifai kusukumwa, somo hilo lilikuwa bado halijafika.

Nilikuwa kwenye kigoda changu natazama shamba. Nikasikia pampu inaunguruma, kisha psss. Nikasikia Kache akisema, "Polepole wewe, unaniumiza!" Halafu, "Haya, sasa sawa." Mama Mbeyu akacheka. "Hata mimi nitakosa kazi," akasema. Wakacheka wote watatu, na mimi nje nikacheka peke yangu.

Asubuhi nilikuja kumchukua Sidi nimpeleke barabarani akapate gari la Kilifi. Alikaa nyuma yangu, kisanduku amekipakata. "Shemeji," akanipigia kelele sikioni, "nimemvalisha tena alfajiri. Mguu umekufa ganzi, anasema hauumi sana." Alikuwa na furaha mpaka sauti inatetemeka. Nikamwombea dua, nikamwacha kituoni.

Nikapitia samaki, nikarudi kwa mama mkwe. Nilipokaa tu nikasikia Kache anakohoa ndani. Kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu aliyepaliwa. Kikarudi. "Nyinyi kuku," ikasema sauti ya Mama Mbeyu, "mwambieni mgeni angoje. Mzazi anakandwa."

Simu ikalia. Sidi.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kwenu. Kwenye kigoda."

"Mama yuko wapi? Simu yake haipatikani."

"Yuko ndani. Anamkanda dada yako."

Nyuma yake nilisikia watu wengi na kipaza sauti.

"Mwambie aache."

"Nimwambie nani?"

"Mama! Mwambie aache sasa hivi, asiguse mguu!" Alikuwa analia. "Kuna daktari hapa, ni mmoja wa wanaotupima. Ameniuliza mashine nitamvalisha nani. Nikasema mwenye mguu mmoja uliovimba. Akasema huyo ndiye hutakiwi kumgusa kabisa! Mguu mmoja ukivimba baada ya upasuaji, ukauma, ukawa na joto, huenda damu imeshaganda ndani. Ukiukamua, bonge linakatika, linapanda mpaka mapafuni. Mtu anakufa, shemeji. Anakufa papo hapo." Akavuta pumzi. "Anakohoa?"

Nikasikiliza. "Anakohoa," nikasema.

Sauti aliyoitoa Sidi sitaki kuisikia tena maishani.

Nikasimama. Hatua chache tu kutoka kwenye kigoda hadi mlangoni, na pale mlangoni kumetundikwa leso iwe pazia. Nikaita, "Mama! Mama, Sidi anasema msiguse mguu!" Mtoto alikuwa analia huko ndani, maji yanamwagwa kwenye beseni. Nikaita tena. Mama Mbeyu akajibu, akiwajibu kuku, "Mwambieni mgeni asipige kelele. Ana njaa gani hiyo?"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa vitu viwili, na kwa muda fulani sikujua kipi nakiogopa zaidi. Nyuma ya ile leso kuna mama mkwe wangu, joto lote lile, mafuta mikononi, na wakandaji hawavai gauni wakiwa kazini. Mwanamume aliyemwona mkwewe hivyo atapita wapi tena hapa Sabaki? Na nyuma ya ile ile leso kuna Kache. Simu bado ilikuwa mkononi, naisikia inapiga kelele, "Umeingia? Shemeji, umeingia?"

Kache akakohoa. Nikaivuta leso, nikaingia.

Kache alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinama mbele. Mama Mbeyu yuko nyuma yake, amejifunga leso kifuani, mikono yake miwili iko mabegani mwa binti yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya mto, umefunikwa. Hayo niliyaona kwa mara moja, kwa sababu macho yakishafunguka hayachagui.

"Mulungu wangu!" Mama Mbeyu akaruka, akajigeuzia ukutani, akavuta nguo ya kwanza aliyoipata akajifunika nayo hadi kichwani.

"Acha mguu, mama! Usiguse mguu!"

"Mguu gani?" Alikuwa anaufokea ukuta. "Mguu sijaugusa mimi! Tangu atoke hospitali hataki niuguse, unamuuma, nimemkanda mgongo tu na mabega! Mwambieni mtu huyu atoke! Atoke chumbani kwangu!"

Hakuna kuku aliyekuwamo mle wa kuniambia. Nami sikutoka, kwa sababu Kache aliinua uso, na midomo yake haikuwa na rangi yake.

"Baba Mtoto," akasema, "pumzi haishuki."

Alikuwa anahema haraka haraka, na mkono ameukandamiza ubavuni. Alisema panachoma, kwamba pameanza kuchoma asubuhi baada ya Sidi kuondoka, na hakutaka kusema kwa sababu aliona ni upepo tu. Simuni Sidi alikuwa akipiga kelele asitembee, msimtembeze, mbebeni. Nikambeba. Nilimbeba mke wangu mbele ya mama mkwe wangu, nikapita naye katikati ya kuku, na samaki nikamwacha juu ya kigoda.

Jirani yetu Kazungu ana probox ya kupelekea nyanya sokoni. Alikuwa ameshapakia. Aliponiona ninavyokuja hakuuliza kitu, alianza kurusha makreti chini, nyanya zikatawanyika njiani. Tukamlaza Kache nyuma, mimi nikapiga magoti kando yake. Mama Mbeyu akaja mbio akiwa na mtoto, amevaa gauni nje ndani, akakaa mbele. Njia nzima hakugeuka. Tulipopita darajani nilimuuliza Kache kama ananisikia, akanibana kidole. Nikawa namuuliza kila baada ya muda mfupi, na kila akichelewa kubana nilimwambia Kazungu akanyage mafuta.

Hospitali ya Malindi, ile ile alikopasuliwa, tulipokelewa na daktari kijana anayeitwa Ruwaida, binti wa Malindi mjini, yule anayesema "tafadhali" hata anapokukaripia. Alimsikiliza kifua, akamwekea kitu kidoleni cha kupima hewa, uso wake ukabadilika kidogo. Waliopaswa kukimbia wakakimbia. Wakamwekea mrija wa hewa puani, wakampiga picha mguu kwa mashine ile ya kutazamia watoto tumboni. Kisha akatoka akatuambia.

"Kuna bonge la damu kwenye mshipa wa paja la kushoto. Na kwa jinsi anavyopumua, naamini kipande chake kimeshafika mapafuni. Tumempiga sindano ya kuzuia damu isigande zaidi. Dawa hii hailiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue, mwili wenyewe ndio utakaoliyeyusha polepole."

"Ataishi?" nikauliza.

"Tafadhali niulize kesho," akasema.

Jibu gani hilo? Nilitaka kumrukia. Nilitaka pia kumshika miguu nimwombe. Nikasema ahsante daktari, nikarudi ukutani.

Sidi akafika mchana, ana fulana yao ya maonyesho na kisanduku chake ndani ya gunia. Hakusubiri kupimwa. Akataka kumwona dadake, akaambiwa bado. Akakaa sakafuni, gunia mapajani, wala hakuegemea kitu.

"Ni mimi," akasema.

"Sidi, usianze," nikamwambia.

"Ni mimi, shemeji. Jana jioni na leo alfajiri. Kifua kimeanza kuuma baada ya hapo. Nani mwingine?" Akaligusa gunia. "Nitalitupa mtoni. Kilifi sirudi. Waambie wamchukue mtu mwingine."

Nilitaka kumfariji. Lakini nami nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo hiyo, na hesabu ilitoka vile vile. Mguu ule ulikuwa haujaguswa na mkono wa mtu tangu utoke hospitali. Mama mwenyewe alikuwa ameufokea ukuta hivyo, na mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, mikono mabegani. Kilichoubana mguu wa Kache ni mashine tu. Sidi alinitazama usoni, akaisoma hesabu hiyo, akainamisha kichwa. Mama Mbeyu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwenye benchi, anamnywesha mtoto maziwa ya kikopo kwa kijiko. Alikuwa anamtazama binti yake mdogo, na alimtazama hivyo mpaka wakatuambia wageni watoke.

Usiku wake sitausimulia. Kazungu alitulaza kwa dada yake, mtaa wa Barani, na sidhani kama kuna aliyefumba jicho isipokuwa mtoto.

Asubuhi tulikuwa ukumbini kabla ya wafagiaji. Muuguzi akamwingiza Mama Mbeyu na mtoto anyonye, wakarudi; sisi wengine tukaambiwa tumngoje daktari. Watu walikuwa wengi, ilikuwa zamu ya kliniki, benchi zimejaa wanawake. Mmoja wao alikuwa Jedida, wa Sabaki kwetu, amemleta binti yake mjamzito. Huyo binti Mama Mbeyu alikuwa ameshamwekea nafasi, mafuta yake ameshayakamua. Wakaamkiana. Halafu Daktari Ruwaida akatoka wodini, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Amelala vizuri. Hewa inapanda. Bado ana safari, dawa atakunywa kwa miezi, lakini mgonjwa wenu yuko nasi."

Nikachuchumaa pale pale. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilipoinua kichwa, Sidi alikuwa amesimama mbele ya daktari, gunia mkononi.

"Daktari, nataka kuuliza. Hilo bonge lilikatwa na nini?"

"Huwezi kujua kwa hakika. Hukatika lenyewe pia. Mtu akiinuka ghafla, akikohoa tu."

"Lakini mtu akivalishwa mashine ya kubana mguu. Mashine kama hii." Akaanza kulifungua gunia, vidole vinashindwa na kamba. "Inaweza kulikata?"

Daktari aliliangalia gunia, akamwangalia Sidi. Niliona anatafuta namna ya kusema kweli bila kumuumiza mtoto, na niliona hatapata.

"Daktari," akasema Mama Mbeyu.

Alikuwa amesimama. Mtoto amempa Jedida ampakate. Aliinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, kama anayeonyesha kwamba hakushika kitu, na alizungumza kwa sauti ambayo benchi zote ziliisikia.

"Mimi ndiye niliyemkanda. Mguu huo huo."

"Mama," akasema Sidi.

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza. Nilimkanda tangu alipotoka hapa, daktari. Asubuhi na jioni. Aliniambia unauma, nikaongeza nguvu. Jana pia nilianza na huo, kabla hajaamka vizuri."

Daktari Ruwaida alivuta pumzi ndefu.

"Mguu uliovimba, unauma, na wewe unaongeza nguvu?"

"Ndiyo."

"Mama yangu, tafadhali nisikilize. Ungemuua mwanao kwa mikono yako mwenyewe. Mguu mmoja ukivimba kwa mzazi haukandwi, haukamuliwi, hauchuliwi. Analetwa hapa siku hiyo hiyo. Na mzazi halazwi hivyo, hata aliyepasuliwa anatakiwa ainuke atembee. Wangapi umewakanda hivi?"

"Nimesikia, daktari."

"Naomba uniahidi."

"Nimesikia."

Alisimama akapokea yote, kichwa amekiinamisha, mwanamke ambaye mimi sijawahi kumwona akiinamisha kichwa hata msibani. Sidi alikuwa anamtazama mamake, mdomo wazi. Niliona jinsi anavyotaka kuamini. Alikuwa shuleni wiki zote hizo, angejuaje?

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unamkanda mguu?"

"Sasa mzazi anakandwa nini, masikio?" akasema Mama Mbeyu.

Daktari akamgeukia Sidi. "Siku zote hizo za kukandwa kwa nguvu, na wewe unaniuliza juu ya dakika chache za mashine? Hebu nione." Sidi akaitoa. Daktari akaishika mikanda, akaibonyeza, akasoma maandishi mekundu ubavuni. "Nani alikusaidia?"

"Pampu ni ya shemeji."

"Hii ni ya mtu ambaye mguu wake ni mzima na amelazwa. Andika hapo juu, kwa herufi kubwa, mguu uliovimba usivalishwe. Ukishaandika, uirudishe kwa walimu wako wa Kilifi, waipime sawasawa. Halafu mje nayo wodi ya upasuaji tuizungumze."

Sidi akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, akajifuta kwa fulana, akauliza kama kuna mtu ana kalamu nene. Muuguzi akamwita ndani, amwone dadake, na kalamu watamtafutia. Akaenda mbio na kisanduku kwapani, gunia ameliacha sakafuni.

Jedida akanyanyuka. Akamrudishia Mama Mbeyu mtoto, lakini hakumpa mkononi, alimlaza kwenye benchi kando yake. Akamshika binti yake mjamzito, wakahamia benchi ya mwisho. Walipokuwa wanaondoka niliwaona wote wawili wanaitazama ile mikono. Kabla ya adhuhuri Sabaki nzima itakuwa imesikia, na jioni Mambrui. Hakuna mzazi atakayemwita tena.

Mama Mbeyu akamchukua mjukuu wake, akampakata, akamfunika uso kwa ncha ya leso. Nilikuwa nimesimama ukutani, nimegeuka kidogo pembeni, kama inavyotakiwa.

"Mwaringa."

Nikatazama nyuma kutafuta kuku. Hospitali haina kuku. Na jina langu sikuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa kile.

"Naam, mama."

"Kache nimeshasema naye, waliponiingiza na mtoto anyonye. Umebaki wewe." Aliniangalia machoni. Macho yake ni yale yale ya Sidi, sikuwa najua. "Jana, ulipoingia chumbani kwangu. Ulitazama?"

Nikaiona tena ile mikono mabegani mwa Kache. Nikauona mguu juu ya mto, umefunikwa. Ndani ya wodi, nyuma ya mlango, nilimsikia Sidi akicheka kitu alichoambiwa na dadake, na Kache anajaribu kucheka naye, pumzi bado fupi.

"Sikutazama, mama," nikasema. "Mkwe hatazami."

"Ndiyo. Mkwe hatazami."

Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja. Nikaenda nikakaa.